Lugha na Haki katika Milima ya Uluguru: Kutoka Baraza la Jumbe hadi Mageuzi ya Haki Jinai

Utangulizi

Mageuzi ya mfumo wa haki jinai ni mada ambayo kwa kawaida huachiwa wanasheria. Wao huizungumza kwa vifungu vya sheria, kwa mamlaka ya mahakama na kwa idadi ya mahabusu. Hata hivyo, kesi ya jinai, kabla ya kuwa jambo jingine lolote, ni mfululizo wa maneno. Mtu hutuhumiwa kwa maneno, huhojiwa na kuandikiwa maelezo, husomewa shtaka, huulizwa kama shtaka hilo ni kweli au si kweli, mashahidi husema yao, na mwishowe hukumu hutamkwa. Popote katika mfululizo huo ambapo neno halikueleweka, au liliandikwa kwa namna iliyo tofauti na lilivyotamkwa, uhuru wa mtu unaweza kupotea bila ya yeyote kukusudia dhuluma.

Mhadhara huu unaichunguza historia ya jambo hilo kwa kuutazama mji wa Morogoro na milima ya Uluguru. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mambo makuu ya historia ya mahakama nchini yalionekana humo kwa uwazi: utawala wa akida na jumbe chini ya Wajerumani, utawala wa kupitia machifu chini ya Waingereza, upinzani wa wakulima wa mwaka 1955, mafunzo ya mahakimu katika Mzumbe baada ya uhuru, na katika siku za karibuni Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki mjini Morogoro. Hoja itakayotetewa ni kwamba mfumo wa jinai uliorithiwa ulikuwa na kasoro mbili zilizofungamana. Ya kwanza ni kulimbikiza katika mkono mmoja madaraka ya kuamuru, kukamata na kuhukumu. Ya pili ni kuitenga lugha ya kumbukumbu na lugha ya watu wanaohukumiwa. Kila kasoro imeshughulikiwa kwa wakati wake, lakini mara chache zimeshughulikiwa pamoja.

Shauri, jumbe na kiboko

Neno shauri, lenye asili ya Kiarabu, linabeba katika Kiswahili maana ya rai, ya mazungumzo ya kutafuta rai, na ya jambo linalobishaniwa mbele ya mwamuzi. Mpangilio huu wa maana una mantiki yake. Unadokeza utaratibu ambamo ugomvi humalizwa kwa watu kukaa na kusemezana. Waluguru, ambao nasaba yao hufuata upande wa mama, hawakuwa na mtawala mmoja wa milima yote. Ardhi ilisimamiwa na koo, na wakuu wa koo ndio walioamua magomvi mengi. Viongozi walioheshimika nje ya koo zao, kama vile Kingalu wa Kinole aliyesifika kwa mvua, walikuwa na heshima hiyo bila kuwa na askari wala gereza.

Wajerumani waliingiza utaratibu mwingine. Waliendesha utawala wao kwa maliwali, maakida na majumbe, na lugha waliyoitumia kuwasiliana na watumishi hao ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kilipanda Uluguru kikiwa tayari lugha ya amri na ya kodi. Agizo la tarehe 22 Aprili 1896 lilimpa mkuu wa wilaya madaraka ya kumhukumu Mwafrika kwa faini, kifungo, minyororo na viboko visivyozidi 25 kwa mara moja. Lugha imehifadhi kumbukumbu ya enzi hiyo katika msemo hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Neno kiboko lenyewe lina historia ya kusikitisha: kwanza ni jina la mnyama, kisha ni jina la mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi yake, na mwisho ni jina la kila pigo la adhabu.

Kilichobadilika hapa ni maana ya shauri. Mkuu wa wilaya aliendelea kuliita baraza lake shauri, na maandishi ya Wajerumani yalilichukua neno hilo kama lilivyo. Lakini aliyekuwa akisikiliza ndiye aliyekuwa amemtuma askari kukamata, na ndiye aliyeitoza kodi ambayo mshtakiwa aliishindwa. Jina la majadiliano lilibaki, majadiliano yenyewe yakaondoka. Wanafunzi wa semantiki wanaweza kuona katika mfano huu kwamba neno linaweza kudumu wakati asasi iliyolizaa imekwisha kufa.

Sheria ya mbali na mahakama ya karibu

Waingereza walipoikamata Tanganyika walianzisha Mahakama Kuu kwa amri ya mwaka 1920, na wakaleta sheria zilizotungwa kwa ajili ya India, zikiwamo Sheria ya Adhabu ya mwaka 1860 na Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1872. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ilipatikana mwaka 1930. Sheria ya Ushahidi ya India iliendelea kutumika hadi Tanzania ilipotunga yake mwaka 1967. Mkulima wa Mgeta au Matombo aliyefikishwa mbele ya hakimu wa Kiingereza alipimwa, basi, kwa sheria iliyoandikwa Kiingereza, iliyobuniwa kwa ajili ya nchi nyingine, na kufasiriwa na mkalimani ambaye naye mara nyingi alikuwa mtumishi wa boma.

Wengi, hata hivyo, hawakufika kwa hakimu huyo. Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya mwaka 1926 kuhusu mamlaka za wenyeji, alijenga utawala wa kupitia machifu, na mahakama za wenyeji zikawa sehemu ya utawala huo. Mwaka 1929 mahakama hizo ziliondolewa chini ya usimamizi wa Mahakama Kuu na kuwekwa chini ya maofisa wa utawala. Rufaa ilitoka kwa chifu ikaenda kwa ofisa wa wilaya, kisha kwa ofisa wa jimbo, kisha kwa gavana. Kwa Waluguru, ambao walipewa sultani ilhali historia yao haikuwa na cheo cha namna hiyo, maana yake ilikuwa kwamba mtu aliyeteuliwa na serikali alitoa amri, watarishi wake wakakamata, na baraza lake likahukumu.

Kasoro hii ilionekana mapema. Tume iliyoongozwa na Grattan Bushe, mshauri wa sheria wa wizara ya makoloni, ilichunguza mwaka 1933 uendeshaji wa haki katika mambo ya jinai nchini Kenya, Uganda na Tanganyika, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1934. Tume ilitaka kesi nzito za jinai ziamuliwe na watu waliosomea sheria, na Mahakama Kuu iwe na nafasi kubwa zaidi. Maofisa wa utawala walipinga. Walidai kwamba Mwafrika huelewa mamlaka yasiyogawanyika, na kwamba kumtenga hakimu na mtawala kungemchanganya. Dai hilo linafaa kukumbukwa, maana limerudi mara nyingi baadaye kwa mavazi mengine: kwamba kugawanya madaraka ni anasa ambayo watu wa kawaida hawaihitaji.

Kiswahili kina methali inayojibu dai hilo: kesi ya nyani hapelekewi ngedere. Umbo lake linatumia neno kesi, lililokopwa kutoka Kiingereza. Kwa hiyo, walau kwa umbo hili, methali hii haiwezi kuwa ya kale sana. Ni methali ya watu waliokwisha kuzijua mahakama za kigeni na kuona anayekaa kwenye kiti cha hakimu ni jamaa wa nani.

Matombo, 1955

Kati ya mwaka 1950 na 1955 serikali ya kikoloni iliendesha Uluguru mpango wa matumizi ya ardhi. Lengo lililotajwa lilikuwa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kulinda vyanzo vya mito, ukiwamo Ruvu ambao maji yake hufika pwani. Wakulima waliagizwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Kazi ilikuwa nzito, na katika sehemu nyingi za milima udongo wa rutuba ni tabaka jembamba. Kuchimba ngazi kulileta juu udongo usiofaa. Waliokaidi walishtakiwa katika mabaraza ya machifu wao wenyewe na kutozwa faini.

Kwa mtazamo wa haki jinai, jambo la kuangaliwa hapa ni namna kosa lilivyotengenezwa. Kutochimba tuta hakukuwa kosa katika Kanuni ya Adhabu, wala katika mila za Waluguru. Kulifanywa kosa kwa amri ya mamlaka ya wenyeji, mamlaka ile ile iliyokamata na kuhukumu. Wanawake na wanaume waliosimama mbele ya baraza hawakuwa na pa kulalamikia isipokuwa kwa ofisa wa wilaya, ambaye ndiye aliyesimamia mpango wenyewe. Njia ya kisheria ilikuwa duara.

Mwezi Julai 1955 duara hilo lilipasuka. Umati ulikusanyika Matombo kuyapinga matuta, polisi walipelekwa, ghasia zikatokea na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Baada ya hapo mpango ulilegezwa na hatimaye kuachwa. TANU, iliyoanzishwa mwaka uliotangulia, ilipata wafuasi wengi katika milima hiyo. Wanahistoria wamejadili kwa kirefu sababu za kilimo na za siasa za tukio hili. Inafaa kuongeza sababu ya kimahakama: watu walifika Matombo wakiwa umati kwa sababu hakuna baraza ambamo mmoja wao, peke yake, angeweza kusema kwamba amri ni mbaya na akasikilizwa na mtu asiyekuwa mtoa amri.

Mzumbe na mahakama ya mwanzo

Miaka miwili kabla ya Matombo, mwaka 1953, serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha huko Mzumbe, kando ya barabara iendayo Iringa, shule ya serikali za mitaa kwa ajili ya machifu, watumishi wao na madiwani. Baada ya uhuru shule hiyo hiyo ilipewa kazi pana zaidi, ikiwa ni pamoja na kuwafunza mahakimu wa mahakama za ngazi ya chini. Mwaka 1972 iliunganishwa na asasi ya utawala ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM Mzumbe; mwaka 2001 ikawa Chuo Kikuu cha Mzumbe. Majengo yaliyokusudiwa kumfunza chifu aliyekuwa mtawala na mwamuzi kwa pamoja yakawa mahali pa kumfunza hakimu asiyekuwa mtawala.

Badiliko hilo lilikuwa na msingi wa kisheria. Mwaka 1963 uchifu uliondolewa katika utawala wa nchi, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo ikaunganisha mahakama zote katika ngazi moja: mahakama ya mwanzo, mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi, kisha Mahakama Kuu. Kwa mara ya kwanza kesi ya kuku aliyeibwa Kinole iliweza, kwa njia ya rufaa, kufika kwa jaji. Hili lilikuwa tendo kubwa la mageuzi, na halistahili kusahauliwa na wale wanaodhani kwamba mageuzi ya haki yalianza juzi.

Lugha ya mahakama ya mwanzo ilikuwa Kiswahili. Hakimu alisikiliza, aliandika na kuhukumu kwa Kiswahili, akisaidiwa na wazee wa baraza. Kwa hiyo istilahi za sheria za Kiswahili hazikuzaliwa katika kamusi. Zilikomaa katika mahakama za mwanzo. Orodha ya istilahi za sheria iliyotayarishwa na A. B. Weston katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapishwa mwaka 1968. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, mwaka ambao Makamu wa Rais Rashidi Kawawa aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zote za serikali. Lakini mlalamikaji, mlalamikiwa, shahidi, kielelezo, utetezi na rufaa yalikuwa maneno ya kila siku kwa makarani wa mahakama kabla wanaistilahi hawajayajadili.

Mambo mawili yalipunguza faida hiyo. Kwanza, uhuru haukufuta kila kilichorithiwa: Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliwalazimisha mahakimu, kwa makosa kama wizi wa mali ya umma, kutoa kifungo pamoja na viboko 24, 12 wakati wa kuingia gerezani na 12 wakati wa kutoka. Viboko viliondolewa katika sheria hiyo mwaka 1972, lakini vikarudi baadaye katika sheria za nchi. Pili, Kiswahili kiliishia mlangoni mwa mahakama ya mwanzo. Ngazi iliyofuata ilikuwa na lugha nyingine.

«Ni kweli»: neno la mshtakiwa na kumbukumbu ya mahakama

Kwa miongo kadhaa utaratibu wa mahakama za wilaya na za hakimu mkazi ulikuwa huu: shauri liliweza kusikilizwa kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu ziliandikwa Kiingereza. Kanuni za lugha za Mahakama Kuu za mwaka 1981 ziliruhusu vilevile Kiswahili katika usikilizaji na kudai Kiingereza katika hukumu. Hakimu alisikia lugha moja na mkono wake ukaandika nyingine, papo hapo, bila mkalimani na bila nakala ya maneno ya asili. Kilichoitwa kumbukumbu kilikuwa tafsiri isiyo na matini chanzi.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi pale mshtakiwa anapokiri. Katika shauri la Rex dhidi ya Yonasani Egalu la mwaka 1942, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilielekeza kwamba kila kipengele cha kosa kielezwe kwa mshtakiwa, naye akikiri au kukana kila kimoja. Katika shauri la Adan la mwaka 1973 mahakama hiyo ilifafanua hatua za kufuatwa: shtaka lisomwe na kuelezwa katika lugha anayoielewa mshtakiwa, jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe, kisha mambo ya hakika yasomwe naye aulizwe tena. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inadai hivyo hivyo: kukiri kwa mshtakiwa kuandikwe kwa maneno yaliyo karibu sana na aliyoyatumia.

Hapa pana mgongano usiofichika. Sheria moja ilidai maneno ya mshtakiwa mwenyewe. Sheria nyingine ilidai kumbukumbu iwe Kiingereza. Mshtakiwa wa Uluguru hakusema Kiingereza. Kwa hiyo kilichoandikwa hakikuweza kamwe kuwa maneno yake.

Uchukuliwe mfano wa kufikirika. Mtu ameshtakiwa kwa wizi wa mikungu ya ndizi. Anaulizwa kama ni kweli, naye anajibu: «Ni kweli nilikata ndizi.» Kukata si kuiba. Wizi kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu hudai nia ya udanganyifu na kutokuwepo kwa dai la haki juu ya mali. Katika milima ambako shamba linaweza kuwa la ukoo wa mama na mwana wa ukoo huo akaamini kwa moyo safi kwamba anakata kilicho chake, jibu hilo ni utetezi, wala si ungamo. Lakini likiandikwa kwa Kiingereza kwa fungutenzi fupi lenye maana ya kukubali shtaka, utetezi huo umetoweka. Jaji wa rufaa anayesoma jalada hawezi kujua kwamba kulikuwa na neno kukata. Ndivyo ilivyo pia kwa «nilimpiga», ambalo halisemi kama mpigaji alianza au alijikinga.

Waingereza wenyewe walipitia hali hii. Sheria ya mwaka 1362 iliagiza mashauri yatamkwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, lakini yaandikwe kwa Kilatini. Mtengano huo wa lugha ya kinywa na lugha ya jalada uliondolewa na sheria iliyoanza kutumika mwaka 1733, kwa hoja kwamba watu wana haki ya kuelewa kinachofanywa kwa jina la sheria juu ya maisha na mali zao. Tanganyika ilirithi, kutoka kwa watu waliokwisha kuukataa mtengano huo nyumbani kwao, mtengano ule ule.

Maneno matatu: haki, jeshi, upelelezi

Lugha ya jinai haiishii kwenye kumbukumbu. Imo katika majina ya asasi na misemo ya kila siku. Mifano mitatu yatosha.

Neno haki katika Kiswahili hujumuisha dhana mbili ambazo lugha nyingine hutenganisha: stahili aliyo nayo mtu, na uadilifu unaotendwa na mamlaka. Mtu hudai haki yake. Mahakama hutoa haki. Katiba ya mwaka 1977 hutumia dhana ya utoaji haki inapoipa Mahakama kauli ya mwisho. Kitenzi kutoa kina athari yake. Kinachotolewa hutoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho, na anayepokea husubiri. Katiba hiyo hiyo, hata hivyo, inasema kwamba mtu asihesabiwe kuwa na hatia hadi ithibitike, na kwamba haki isicheleweshwe bila sababu ya msingi. Katika vifungu hivyo haki ni mali ya raia tangu mwanzo, na kazi ya mahakama ni kuilinda. Mageuzi ya kweli hulisogeza neno kutoka maana ya kwanza kuelekea ya pili.

Neno jeshi, kwa asili yake ya Kiarabu na kwa matumizi yake ya leo, ni kundi la wapiganaji. Jeshi la Polisi ni jina lililofuata fikra ya kikoloni ya polisi kama nguvu ya kuwatuliza watu, fikra iliyoonekana Matombo. Kenya, kwa Katiba yake ya mwaka 2010, iliwabadilisha polisi wake kutoka jeshi kuwa huduma. Jina pekee halibadilishi mwenendo, na uzoefu wa Kenya unalithibitisha hilo. Lakini jina huwapa raia kipimo cha kumshikia mtumishi.

Mfano wa tatu ni sentensi iliyokuwa ikisikika katika kila mahakama ya wilaya: «upelelezi bado haujakamilika». Kisarufi, ni sentensi isiyo na mtenda. Hakuna anayepeleleza, hakuna aliyechelewa. Kuna upelelezi tu ambao, kama mvua, haujafika. Kwa sentensi hiyo watu wamekaa mahabusu miezi na pengine miaka, hasa kwa makosa yasiyo na dhamana. Msamiati wenyewe unatia uchungu zaidi: dhamana, ambayo ni ahadi ya kuaminiana, ndiyo neno la cheo katika msemo cheo ni dhamana. Mwenye cheo anaaminiwa. Mtuhumiwa ambaye bado hajathibitishiwa kosa haaminiwi.

Mageuzi ya 2021 hadi 2023

Mwezi Februari 2021 Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, alisifiwa hadharani na Rais John Magufuli katika Siku ya Sheria kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, na akateuliwa kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huo huo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki katika mahakama zote, huku yakiruhusu Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji. Kanuni za mwaka 2022 zilieleza mazingira ya ruhusa hiyo. Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua vituo jumuishi sita vya utoaji haki, kimojawapo kikiwa cha Morogoro. Humo ngazi mbalimbali za mahakama, hadi Mahakama Kuu, ziko chini ya paa moja. Aliyeshuka kutoka Uluguru kwa rufaa sasa halazimiki kwenda Dar es Salaam.

Upande wa jinai, marekebisho ya mwaka 2022 yalizuia kesi kufunguliwa mahakamani kabla ya upelelezi kukamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Tarehe 31 Januari 2023 ilizinduliwa Tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na taarifa yake ilikabidhiwa Julai mwaka huo. Tume ilipendekeza, pamoja na mengine, polisi waundwe upya kuwa chombo cha huduma, upelelezi uwe na ofisi yake huru, na wakuu wa mikoa na wilaya wasiwe na mamlaka ya kukamata watu, mamlaka ambayo sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 iliwapa kwa saa 48. Anayeikumbuka historia iliyoelezwa hapo juu atatambua pendekezo hilo la mwisho: ni jibu, baada ya karibu miaka 90, kwa swali la Tume ya Bushe kuhusu mtawala anayekamata.

Zipo hoja za kupinga kasi ya Kiswahili katika mahakama za juu, na zinastahili kusikilizwa. Maamuzi ya miongo mingi, ambayo majaji hulazimika kuyafuata, yameandikwa Kiingereza. Baadhi ya istilahi bado zina visawe viwili au vitatu vinavyoshindana. Vyuo vimefundisha sheria kwa Kiingereza, na wakili hufikiri kwa lugha aliyosomea. Hoja hizi ni za kweli, lakini zote zinahusu usumbufu wa wanataaluma. Hoja ya upande wa pili inahusu mtu anayeweza kufungwa miaka 30 kwa hukumu asiyoweza kuisoma wala kusomewa na mwanawe. Usumbufu wa kwanza hutibika kwa tafsiri na mafunzo. Wa pili hauna fidia.

Aidha, Kiswahili si dawa peke yake. Hukumu inaweza kuandikwa kwa Kiswahili kigumu kuliko Kiingereza chepesi. Wapo wazee wa milimani ambao Kiluguru ndicho lugha yao ya undani, wapo wafugaji wa mkoa huo wenye lugha nyingine, na wapo viziwi wanaohitaji lugha ya alama. Kwao haki ya mkalimani inabaki pale pale. Tena sheria nzuri ya lugha haimsaidii aliyekamatwa bila sababu. Atakuwa ameonewa kwa lugha anayoielewa.

Hitimisho

Historia ya Uluguru inaonyesha kwamba kasoro mbili za mfumo uliorithiwa zililindana. Mtawala aliyehukumu hakuhitaji kumbukumbu ambayo mhukumiwa angeweza kuikosoa. Na kumbukumbu isiyosomeka ilimficha mtawala aliyehukumu. Mageuzi ya mwaka 1963 yaligawanya madaraka lakini yakaiacha lugha ya ngazi za juu. Mageuzi ya mwaka 2021 yaliigusa lugha, na mapendekezo ya mwaka 2023 yakarudi kwenye mgawanyo wa madaraka. Inabaki kuyatekeleza kwa pamoja.

Kwa wanaisimu kazi iliyo mbele ni bayana. Kwanza, visawe vya istilahi za jinai visanifiwe kwa kuanzia na matumizi ya mahakama za mwanzo, ambako vimekwisha kupimwa kwa zaidi ya miaka 60. Pili, majibu ya washtakiwa na maelezo ya onyo yanayochukuliwa polisi yafanyiwe utafiti wa uchanganuzi wa usemi, ili ijulikane ni wapi «nilikata» hugeuka kuwa «niliiba». Tatu, mifumo ya kompyuta ya kunukuu na kutafsiri ambayo Mahakama ya Tanzania imeanza kuitumia isimamiwe na wajuzi wa lugha, kwa maana mashine nayo inaweza kurudia kosa la kalamu. Nne, mahakimu na waendesha mashtaka wafundishwe kuandika Kiswahili kinachoeleweka, kama wanavyofundishwa sheria.

Kipimo cha mafanikio kitakuwa chepesi kukieleza. Mkulima wa Matombo akitoka mahakamani Morogoro, ameshinda au ameshindwa, aweze kuwaeleza jamaa zake kwa usahihi nani alimshtaki, kwa kosa gani, nani aliamua na kwa sababu ipi. Pale ambapo hawezi, mageuzi hayajamfikia.